Hata Shylock Alileta Mizani

Kuna mahubiri ambayo kijana yeyote wa Nairobi, Mombasa, Kisumu ama Eldoret ameyasikia hadi masikio yakaota sugu. Yanatolewa kwenye semina za hoteli, kwenye video za dakika moja, na redioni asubuhi ukiwa ndani ya matatu. Mhubiri amevaa vizuri. Anasema: vijana, wajibikeni. Acheni kukopa ovyo. Pangeni bajeti. Mtu mwenye akili hakopi ili anunue viatu. Halafu kabla hajashuka jukwaani anakutupia methali, kwa sababu mahubiri bila methali hayajaiva: kukopa harusi, kulipa matanga.

Methali sina ugomvi nayo. Nina ugomvi na mhubiri. Kwa saa nzima aliyosimama pale, hajataja hata mara moja kwamba mkopo unauzwa bei gani. Amezungumzia tabia ya mnunuzi, basi. Ni kama mtu akufundishe kununua unga kwa kukuambia usiwe mlafi, lakini bei ya pakiti hasemi, uzito wa pakiti hasemi, wala haoni ajabu kwamba duka lenyewe halijabandika bei.

Mimi nasema hivi: kuwajibika kunaanza na bei. Mtu asiyejua anacholipa hawezi kuwajibika, anaweza tu kuogopa ama kubahatisha. Na katika nchi hii deni ndiyo bidhaa inayouzwa kwa watu wengi zaidi, mara nyingi zaidi, na bila mizani.

Tuanze na majina, maana majina ni matamu. Shwari ni bahari iliyotulia. Jahazi unalijua, na kuliokoa ni ushujaa. Waliobatiza mikopo ya simu walikuja Pwani wakachota Kiswahili kizuri kuliko kile serikali hutuandikia. Lakini lile jina kubwa kuliko yote, Fuliza, fungua kamusi. Kufuliza ni kufanya jambo mfululizo, kuendelea bila kukoma. Sidhani kuna bidhaa nyingine Kenya iliyojieleza kwa ukweli namna hiyo tangu siku ya kwanza.

Fuliza ilianza Januari 2019. Inavyofanya kazi kila mtu anajua: unalipa kitu, pesa haitoshi, inakujazia. Pesa ikiingia kwa simu, kabla hujaiona, inajikata. Ndiyo kadi ya mkopo ya watu wasio na kadi. Mama mboga, boda, mwanafunzi wa Rongai, askari wa geti, wote wanayo mfukoni na hakuna aliyejaza fomu.

Sasa tufanye hesabu ambayo semina haikufanya. Natumia viwango vilivyotangazwa Septemba 2022, vile vilivyoshushwa, ili mtu asiseme nimechagua vibaya makusudi. Kuna ada ya asilimia 1 ya kukopa. Halafu kuna ada ya kila siku. Kwa deni la kuanzia shilingi 2,501 hadi 70,000, ada ya siku ni shilingi 25. Ushuru wa serikali tuuache kando, tusichanganye mambo.

Soma tena hapo. Kuanzia 2,501 hadi 70,000, ni shilingi 25.

Tuseme mtu wa boda tairi limemlipukia, akachukua 2,600. Tuseme pia kuna mtu wa kampuni mwenye limiti ya juu kabisa, akachukua 70,000 apeleke familia Diani. Wote wakae na deni siku 30. Wa boda atalipa 26 ya kukopa na 750 ya siku, jumla 776. Wa Diani atalipa 700 na 750, jumla 1,450. Ukiangalia haraka, unaona mwenye deni kubwa amelipa zaidi, haki imetendeka. Gawanya sasa. Mwenye 70,000 amelipa kama asilimia 2 kwa mwezi. Mwenye 2,600 amelipa karibu asilimia 30 kwa mwezi. Pesa ni ile ile, simu ni ile ile, shilingi aliyokopa maskini inamgharimu mara 14 ya shilingi aliyokopa mwenzake.

Hakuna aliyeficha jedwali hilo. Lilitangazwa, liko wazi, ukitaka utalipata. Hapo ndipo ujanja ulipo: kitu kinaweza kuwa wazi na bado kisionekane. Shilingi 25 kwa siku haishtui mtu. Ni nusu ya nauli. Ni mandazi mawili na chai ya kibanda. Akili ya binadamu ikisikia 25 inasema sawa, wacha twende. Ungemwambia yule wa boda kwamba atalipa karibu theluthi moja ya deni lake kila mwezi, angeshuka kwa pikipiki auliza vizuri.

Huo ni mkopo mmoja. Simu yako ina kadhaa, na kila mmoja unauzwa kwa kipimo chake. M-Shwari, iliyoanza Novemba 2012, iliuzwa kwa ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Inasikika ndogo hadi ukumbuke mambo mawili. Kwanza, mwaka una miezi 12, na 7.5 mara 12 ni 90. Pili, ada ni ile ile ukilipa baada ya siku tatu au baada ya siku 29, kwa hivyo yule mwaminifu anayekimbia kulipa mapema ndiye anayenunua kila siku kwa bei ghali zaidi. Hazina ya Hasla, iliyozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, inajitangaza kwa asilimia 8 kwa mwaka. Apu nyingine zinakuonyesha tu utakachorudisha: chukua hii, lipa ile, ijumaa ijayo.

Kwa siku. Kwa mwezi. Kwa mwaka. Kwa jumla. Umewahi kuona soko ambapo wa kwanza anauza mahindi kwa gorogoro, wa pili kwa kikombe, wa tatu kwa konzi ya mkono, wa nne anakuambia lipa kwanza utaona? Halafu anakuja mtu na maikrofoni anakukemea kwamba hujui kulinganisha bei?

Basi wacha nilinganishe. Chukua shilingi 1,000 kwa siku 14. Kwa Fuliza, siku tatu za kwanza hazina ada ya siku kwa deni la kiwango hicho, kisha ni shilingi 6 kwa siku: 10 ya kukopa na 66 ya siku 11, jumla 76. Kwa M-Shwari kwa ile ada ya asilimia 7.5, ni 75. Kwa Hazina ya Hasla ni shilingi 3 hivi, ingawa kuna asilimia 5 ya mkopo inayowekwa akiba kwa hivyo mkononi hupati elfu nzima. Na kwa kadi ya mkopo ya benki, ukinunua dukani na kulipa deni lote kwa wakati, riba ni sufuri.

76, 75, 3, sufuri. Bidhaa ni ile ile: shilingi elfu moja, wiki mbili. Hizo mbili za kwanza, ukizipeleka kwa kipimo cha mwaka, zinakaribia asilimia 200. Hii ndiyo habari ambayo ingefaa kuwa kwenye video ya dakika moja.

Kwa nini haziandikwi kwa kipimo kimoja? Rudi nyuma kidogo. Septemba 2016 sheria mpya ya benki ilianza kazi, ikasema riba ya mkopo isipite asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Watu wakashangilia. Lakini mikopo ya simu ilipita katikati ya sheria hiyo kama paka chini ya geti, kwa sababu kilichotozwa hakikuitwa riba. Kiliitwa ada ya uwezeshaji. Sheria ilikamata neno, bei ikatoka na nguo nyingine. Kufikia Novemba 2019 kikomo chenyewe kikafutwa, lakini somo likabaki: ukitaka kuepuka kipimo, badilisha jina la unachopima.

Mtaani kwetu mkopeshaji mkali huitwa shailoki. Jina limetoka kwa Shakespeare, kwenye ile tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri ikaitwa Mabepari wa Venisi. Lina chuki yake ya zamani dhidi ya Wayahudi, na sio vizuri tulirushe ovyo. Lakini kumbuka kilichotokea mle. Shylock alikopesha, na adhabu ya kutolipa ikaandikwa kwenye mkataba kwa kipimo kinachoeleweka na kila mtu: ratili moja ya nyama. Ilipofika siku ya kesi, alifika mahakamani na mizani yake tayari. Ilikuwa ukatili, lakini ukatili uliopimwa. Yule anayekopa alijua uzito kabla hajaweka sahihi, na ndiyo maana wakili aliweza kusimama na kubishana juu ya uzito huo.

Sisi hatuna cha kubishania. Tuna shilingi 25.

Sasa tuje kwa kadi yenyewe, ile ya plastiki, kwa sababu vijana wengi wanaanza kuitiwa na benki mara tu mshahara unapopita kwa akaunti miezi michache. Watu wanaiogopa kuliko Fuliza, na hapo wamegeuza mambo. Kadi ni bidhaa nzuri sana kwa mtu wa aina moja, na mbaya sana kwa mtu wa aina nyingine, na benki inamhitaji huyo wa pili ili imhudumie wa kwanza.

Inafanya kazi hivi. Ukinunua, benki inalilipa duka. Mwisho wa mzunguko wa mwezi unaletewa taarifa ya deni na tarehe ya kulipa. Kutoka siku uliyonunua hadi tarehe hiyo inaweza kuwa karibu siku 50, kutegemea benki na siku uliyonunua. Ukilipa lote kabla ya tarehe hiyo, hutozwi riba hata senti, ingawa benki nyingi hutoza ada ya mwaka ya kuwa na kadi. Yaani mwenye mshahara anakaa na pesa ya benki bure kwa mwezi na kitu, na mama mboga ambaye hana hata karatasi ya mshahara anahesabiwa siku kama mfungwa.

Halafu kuna mtego. Kwenye taarifa ile utaona namba mbili. Moja ni deni lote. Ya pili ni ndogo, ya kirafiki, inaitwa malipo ya chini. Tuseme unadaiwa 20,000, riba ni asilimia 3.5 kwa mwezi, na malipo ya chini ni asilimia 10 ya deni. Unalipa hayo ya chini kila mwezi, hukosi hata siku moja, na hununui kitu kingine chochote. Baada ya mwaka mzima utakuwa umelipa zaidi ya 17,300. Na utakuwa bado unadaiwa zaidi ya 8,500. Kwa macho ya benki wewe ni mteja mzuri, unalipa kwa wakati. Kwa macho ya semina wewe umewajibika. Kwa hesabu, umekaliwa.

Na kutoa pesa taslimu kwa ATM ukitumia kadi hiyo ni hadithi nyingine. Zile siku za bure kwa kawaida hazihusiki hapo. Unakatwa ada ya kutoa, na riba inaanza kuhesabiwa siku ile ile. Kadi ya mkopo ni ya kununulia. Ukiona umeanza kuitumia kupata nauli na kodi ya nyumba, jua umeshavuka kutoka kwa mteja wa kwanza hadi wa pili.

Wamarekani, waliobuni kadi hizi, walipitia ushenzi huu kabla yetu. Mwaka 1958 Bank of America iliwatumia watu 60,000 wa mji wa Fresno, California, kadi ambazo hawakuziomba. Unaamka, unafungua barua, umepewa deni. Kama hiyo inafanana na meseji ya saa kumi na mbili asubuhi inayokupongeza kwamba limiti yako imepanda, basi umeelewa. Mwaka 1970 sheria yao ilipiga marufuku kutumia watu kadi wasizoomba. Miaka miwili kabla ya hapo, 1968, walikuwa wamepitisha sheria ya ukweli katika ukopeshaji, iliyomlazimu kila mkopeshaji aeleze gharama kwa kipimo kimoja: asilimia kwa mwaka, ada zikiwa ndani. Na mwaka 2009 wakaongeza kwamba taarifa ya kadi lazima imwambie mteja, kwa namba, itamchukua muda gani kumaliza deni akilipa yale malipo ya chini tu.

Marekani haikugeuka pepo. Watu wao bado wanazama kwenye madeni ya kadi. Sheria haikumwondolea mtu shida. Ilifanya jambo dogo zaidi na la lazima zaidi: ilimwondolea muuzaji giza. Mtu akizama sasa, angalau kina cha maji kiliandikwa ukutani.

Najua majibu yatakayokuja, kwa hivyo tuyashughulikie hapa hapa.

Jibu la kwanza: kipimo cha mwaka sio haki kwa mkopo wa wiki mbili, kwa sababu hakuna anayekopa elfu moja mwaka mzima. Sawa. Hakuna pia anayenunua kilo nzima ya iliki. Tunanunua ya shilingi ishirini, imefungwa kwa kikaratasi. Lakini kilo ndiyo inayokuwezesha kujua kwamba duka la pili ni rahisi kuliko la kwanza. Kipimo hakisemi utanunua kiasi gani, kinasema bei ni gani. Isitoshe, nenda mtaani uulize watu wamekuwa na deni la simu mara ngapi mwaka huu. Wengi wamekopa, wakakatwa, wakakopa tena pesa zile zile walizokatwa. Jina la bidhaa lilishatuonya.

Jibu la pili: kukopesha mtu asiye na dhamana ni hatari, na hatari ina bei. Hili ni la kweli kiasi. Kuna mikopo ambayo mtu hupokea na kutoweka, na mkopeshaji lazima afidie. Lakini mkopo unaojikata wenyewe pesa ikiingia sio sawa na mkopo wa kumfuata mtu mlangoni. Mkopeshaji amekaa ndani ya pochi yako. Halafu mbona mwenye deni dogo ndiye wa hatari zaidi kuliko mwenye deni la 70,000, hadi bei yake iwe mara 14? Kama kuna hesabu inayoeleza hilo, iwekwe mezani. Nakumbusha pia kwamba kabla ya Septemba 2022 ada ya deni la 501 hadi 1,000 ilikuwa shilingi 10 kwa siku, na hakukuwa na zile siku tatu za bure. Serikali mpya ilipoingia na kuketi na wenye bidhaa, ada hiyo ilishuka hadi 6. Mbingu haikuanguka. Bei sio mvua. Kuna watu wanaoipanga, na wakisukumwa wanaipanga upya.

Jibu la tatu ndilo zito, na linatoka kwetu wenyewe: watu wanajua ni ghali na bado wanakopa. Mtoto ana homa saa nne usiku, unataka asilimia gani hapo? Ni kweli. Kuna deni ambalo hata ungeandikiwa bei kwa rangi nyekundu ungelichukua, na hungekuwa mjinga. Lakini dharura ndiyo sababu kubwa zaidi ya kutaka bei iandikwe. Mtu aliyebanwa ndiye mwenye muda mdogo wa kupiga hesabu. Mpe namba moja anayoweza kulinganisha kwa sekunde tano, achague ya 3 badala ya ya 76 kama zote zinampatia elfu. Kumnyima namba hiyo kwa sababu "atakopa tu" ni kusema maskini hana haki ya kujua kwa kuwa hana uwezo wa kukataa.

Na hawa wakopeshaji sio watu wasiojua kuongea wazi. Wakati wa kudai, lugha yao huwa nyoofu kama rula. Miaka michache iliyopita ukichelewesha malipo ya baadhi ya apu, simu ilikuwa inapigiwa mama yako, bosi wako, na yule mtu uliyemuuzia kochi zamani, kwa sababu apu ilikuwa imebeba namba zote za simu yako. Wote waliambiwa kiasi kamili unachodaiwa, hadi senti. Ilibidi kanuni za Benki Kuu za Machi 2022 ziseme waziwazi kwamba vitisho, matusi na kuwasumbua watu walio kwenye orodha yako ya simu ni marufuku. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data alimpiga mkopeshaji mmoja faini ya shilingi milioni 5. Kwa hivyo uwezo wa kusema namba kamili upo. Unatumika tu upande mmoja wa mkopo.

Basi tunafanya nini wakati mizani haijaletwa? Tunatengeneza yetu. Hii sio semina, ni hesabu ya kisoda, ifanye kwa simu ile ile inayokukopesha.

Chukua kila kitu utakacholipa juu ya ulichokopa: ada ya kukopa, ada za siku, riba, ushuru, vyovyote walivyoviita. Gawanya kwa kiasi kilichoingia mkononi mwako. Gawanya tena kwa idadi ya siku utakazokaa na deni, halafu zidisha kwa 365. Ukizidisha kwa 100 una asilimia ya mwaka. Fanya hivyo kwa kila mkopo ulio kwa simu yako, mara moja tu, uandike mahali. Utashangaa ni upi ulikuwa ukiuita rafiki.

Pili, linganisha urefu wa deni na aina ya mkopo. Fuliza ya shilingi 300 ya kumalizia nauli, inayolipwa kesho pesa ikiingia, ni shilingi 3 ya kukopa na ushuru wake. Hiyo ni bei nafuu, na mtu asikutishe. Fuliza ile ile ikikaa mwezi ni kitu kingine kabisa. Mkopo wa kuhesabiwa siku usifadhili shida ya miezi. Karo, kodi ya nyumba, deni la hospitali, hizo peleka kwa chama, kwa sako, ama kwa mtu mtakayekubaliana tarehe, hata kama itabidi umeze mate na kupiga simu.

Tatu, ukiwa na kadi, lipa deni lote. Sio ya chini, sio nusu. Waambie benki wakate lote moja kwa moja tarehe ya mshahara. Mwezi ambao huwezi kulipa lote, kadi ikae ndani ya droo hadi deni liishe. Na limiti ikipandishwa bila wewe kuomba, una haki ya kuomba ishushwe. Limiti sio pesa yako na wala sio sifa.

Nne, jua haki zako za CRB. Tangu Aprili 2020, deni lisilozidi shilingi 1,000 halifai kukuwekea alama mbaya kule. Mtu asikutishe na jina lako kwa shilingi 700.

Lakini hizi ni dawa za mtu mmoja mmoja, na ugonjwa ni wa soko. Mama anayeuza nyanya Gikomba hawezi kupima kwa jiwe aliloliokota. Mizani yake inakaguliwa na serikali na kupigwa muhuri, kwa sheria ya vipimo na mizani, na akipatikana anaiba gramu anapelekwa kortini. Hakuna aliyesema wateja wa nyanya wafundishwe kwanza elimu ya uzito. Walisema mizani iwe sawa. Anayeuza nyanya za mia mbili anawekewa kipimo, na anayeuza deni kwa mamilioni ya watu kila siku anaachiwa achague chake?

Tunachotaka kinaenea kwa meseji moja. Kabla sijabonyeza kukubali, niandikie kwa Kiswahili: unapata kiasi hiki, utarudisha kiasi hiki ukilipa tarehe hii, ukichelewa wiki moja itakuwa hivi, na bei yake kwa mwaka, ada zote ndani, ni asilimia hii. Mistari minne. Benki, kampuni za simu, apu na hata Hazina ya Hasla, wote kwa kipimo kimoja. Benki Kuu inatoa leseni, kwa hivyo Benki Kuu inaweza kuagiza. Gharama yake ni ya kuandika meseji, na meseji za kutupongeza kwa limiti mpya wamekuwa wakizimudu bila shida.

Siku hiyo ikifika, wahubiri wa kuwajibika warudi. Walete methali zao, walete maikrofoni, tutakaa viti vya mbele. Tutakuwa tumesoma bei, na tukikopa vibaya tutakubali kukemewa. Hadi siku hiyo, atakayesimama kutufundisha nidhamu ya pesa aanze kwa kujibu swali ambalo hata mtoto aliyetumwa dukani hulijua: ni pesa ngapi?